Majira ya Baridi ya Taa Mpya

17 Novemba

Theluji ya wiki jana ilikuwa ya kupita tu. Hii ya leo imekaa. Imefunika hata lile lundo la mawe meusi nyuma ya mgodi, na kwa saa chache mji wetu ulionekana kama umefuliwa. Inkar anaota meno, amenilalia begani tangu jana. Naandika huku maziwa yako jikoni. Nikikaa bila kushika kitu nasinzia, maziwa yanafurika, na mama mkwe, anayekaa chini yetu, ananusa kuungua kabla yangu. Basi daftari hili ni la kunifumbua macho. Tuone litafika wapi.

22 Novemba

Taa mpya zimefika kwenye chumba chetu cha taa. Tuko wawili humo kila zamu ya asubuhi, mimi na Emma Karlovna, madirisha mawili. Mchimbaji anasukuma kibati chake chenye namba, sisi tunampa taa ya kofia, kibati kinaning'inia ubaoni mpaka mwenyewe apande. Bila taa hakuna anayeshuka, hata awe mkubwa wa nani.

Taa ni za majaribio kwa kikosi kimoja, zimeletwa na kijana wa taasisi moja ya Almaty, jina lake Kuanysh, viatu vyake safi kama vya bwana harusi.

"Jamani, kabla hamjazigusa niwaeleze," akasema.

"Eleza upesi," Emma Karlovna akamwambia. "Mimi nagawa taa tangu baba yako hajaoa, na zamu inakaribia kupanda."

Akaeleza. Vihisi vya gesi vya zamani vilikuwa vinaonja hewa: ndani kuna waya wa moto, gesi inaungua kidogo juu yake, ndipo kinajua. Waya ukichoka kinaongopa. Hiki kipya hakionji, kinatazama. Ndani ya taa kuna chipu ndogo kuliko ukucha wa Inkar, na juu yake kumechorwa kijia cha mwanga ambao macho yetu hayauoni. Hewa inaingia kwa kichujio kidogo pembeni mwa taa. Ikiwa na methani, methani inameza sehemu ya ule mwanga, na chipu inapima kilichomezwa. Kiasi kikipita mpaka, taa inamemeta na kuipelekea habari mashine ya kukata makaa, nayo mashine inajizima yenyewe. Taa ikirudi kwetu kuchajiwa, inamwaga kwenye skrini kila ilichokiona siku hiyo, mstari mmoja kwa kila mtu.

"Haichoki, hailewi," akamalizia.

"Hailewi," Emma Karlovna akasema. "Itakuwa ya kwanza katika mgodi huu."

Mimi sikucheka. Baba mkwe wangu alikufa kwa kuungua na gesi huko huko chini, mume wangu, Talgat, akiwa darasa la pili. Leo Talgat ndiye anayeendesha mashine ya kukata makaa katika kikosi cha mzee Orazbek. Nilipoipanga taa yake kwenye rafu niliifuta kwa mkono wa nguo yangu, ingawa ilikuwa mpya.

27 Novemba

Tumechinja farasi wa majira ya baridi, sisi na kina Orazbek nusu kwa nusu. Siku nzuri. Orazbek ndiye aliyeshika kisu. Mkono wake mwepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi.

"Mkwe wetu, huo utumbo unaoosha utauchosha! Hata mtoto wako hujawahi kumwosha hivyo."

"Mzee, ukipata tumbo la kuendesha usiku utanilaumu mimi."

"Nitamlaumu farasi."

Baada ya msiba ule wa zamani, ndiye aliyemnunulia Talgat viatu vya shule, akamfundisha kazi, akamposea mimi. Mama mkwe humwekea kipande cha kwanza kabla ya mwanawe. Mimi nilipewa mafuta magumu ya farasi niyaunge. Nimeyakata vipande vya ukubwa wa kidole, nikayapaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikayapanga kwenye ndoo huko roshani yaganda. Inkar alinyonya kipande kimoja mpaka mashavu yakang'aa kama sufuria.

1 Desemba

Baridi. Nepi zimekauka zikiwa mbao.

4 Desemba

Talgat amerudi amekasirika. Mashine yake inazimwa na taa hizi mara nne, mara tano kwa zamu. Kila ikizimwa wanangoja feni isukume gesi, fundi wa umeme aje, ndipo waanze upya.

"Ile ya zamani ilikuwa na adabu," anasema. "Hii ukipumua inapiga kelele."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kazi yake kunizima mimi? Makaa yanapumua, Raushan. Yamepumua tangu yaumbwe. Kikosi cha pili kina taa za zamani, kinatupita."

Nikamwambia afadhali kupitwa. Akamchukua Inkar, akamrusha juu, akamdaka. Ndivyo anavyonijibu siku hizi.

9 Desemba

Asubuhi nikimfungia chakula cha kazini, Talgat kasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ongeza mafuta."

"Nimeweka vipande vitatu."

"Weka kumi. Hewa ya feni inakata mifupa, na wenzangu wanayapenda. Wanasema hakuna anayeyaunga kama wewe."

Nimeweka kumi na viwili. Tangu nizae hajawahi kusifu nilichopika. Kwenye basi la kazini nilikuwa natabasamu peke yangu, mpaka jirani akaniuliza kama nimepata barua ya nyumba mpya.

12 Desemba

Inkar homa. Mama mkwe amekaa naye. Mafuta, vipande kumi na viwili.

15 Desemba

Kuanysh leo ana furaha. Katuita kwenye skrini, akatuonyesha mistari ya kikosi cha Orazbek. Wiki ya kwanza ilikuwa inapanda na kushuka kama milima. Wiki hii imelala.

"Gesi imepungua sehemu ile," akasema. "Wameelekeza feni vizuri. Nimeshatuma matokeo Almaty."

"Mungu ni mkubwa," nikasema, na nilimaanisha.

Emma Karlovna akatazama mistari, akatazama dari, akaenda kumwaga chai yake. Mwanamke huyu ana moyo wa barafu, hafurahii kitu.

Nikifuta taa zamu ilipopanda nimekuta kichujio cha moja kina mafuta. Watu wanakula na kushika taa bila kunawa. Nimefuta.

18 Desemba

Namshukuru Mungu Inkar kalala, maana nataka kuandika haya yote kabla sijajidanganya kwamba sikuyaona.

Zamu ya asubuhi ilipopanda, nilizipokea taa za kikosi cha Orazbek kama kawaida. Sikuzifuta kwanza. Nilikaa nikazigeuza moja moja chini ya balbu. Zote saba. Kila kichujio kimezibwa, si kwa kuguswa na mkono mchafu. Kimepakwa na kusindiliwa kwa kidole kama mtu anavyoziba ufa wa dirisha. Kitu cheupe, kigumu kidogo. Nikakikwangua kwa ukucha. Nikakinusa.

Kitunguu saumu. Pilipili manga.

Nilikaa na ule ukucha puani sijui muda gani. Kumi na viwili! Vya kuziba saba, na vilivyobaki vya kula. Nami nilikuwa natabasamu kwenye basi.

Emma Karlovna alikuwa anaandika namba, hakuinua kichwa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua kwamba gesi haijui kusoma matokeo ya Almaty. Mengine sikutaka kujua."

"Hii chipu si walisema haidanganyiki?"

"Haijadanganyika. Imefungiwa ndani na hewa ya asubuhi, ya huku juu. Inaitazama hiyo hiyo kutwa nzima, inasema safi. Inasema kweli, maskini."

"Tufanyeje?"

"Sisi tunagawa taa, Raushan. Hatugawi hukumu." Kisha akaongeza, taratibu kidogo: "Anza nyumbani kwako. Una mdomo, naye ana masikio."

19 Desemba

Nimeanza nyumbani. Nilingoja ale. Nikaiweka ndoo ya mafuta mezani, mbele yake, na theluji yake juu.

"Haya ni ya kula au ya kuziba?"

Akatazama ndoo, akatazama mlango wa chumba cha Inkar. Hakukana. Hilo nampa.

"Ni la kikosi kizima, si langu peke yangu."

"Mafuta ni yangu."

"Raushan, wewe unaona mistari. Mimi naona ukuta wa makaa. Nikisimama pale nanusa, nasikia, najua leo iko vipi. Miaka saba najua."

"Methani haina harufu, Talgat. Umenifundisha mwenyewe kabla hatujaoana, ukijitia mwalimu."

Akacheka kidogo bila kupenda. Kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Akasema mwaka unaisha, kikosi kiko nyuma, mzee Orazbek kaahidi wakuu makaa, na mtu aliyemnunulia viatu, yeye hawezi kumwambia hapana.

"Baba yako naye alikuwa na mtu asiyeweza kumwambia hapana?"

Hapo akainuka. Nilidhani ananipiga, hajawahi, lakini nilidhani. Akaenda kusimama kando ya kitanda cha mtoto. Aliporudi sauti ilikuwa ya chini.

"Basi. Tunaacha. Nitawaambia."

"Niapie."

"Naapa kwa huyo aliyelala."

20 Desemba

Nimeacha kumfungia mafuta. Viazi na nyama tu. Vichujio safi vyote saba. Mashine imezimwa mara tano.

23 Desemba

Safi. Orazbek kapita dirishani kwangu bila utani.

25 Desemba

Safi. Dhoruba ya theluji tangu asubuhi, basi limetukalisha njiani. Nimelala nimesimama.

28 Desemba

Si mafuta tena. Ni sabuni. Ile ya waridi wanayogawiwa kwenye bafu la wachimbaji. Ya Talgat pia. Safari hii sikuzifuta.

Aliapa kwa Inkar.

29 Desemba

Leo nimeandaa chai ya maziwa, nimemkalisha. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

"Kesho asubuhi sikupi taa. Wewe wala kikosi chenu. Nakuambia leo ili uchague: nenda mwenyewe kwa Kuanysh mkaseme, au nitasema mimi dirishani."

"Utaniaibisha mbele ya mgodi mzima?"

"Nakupa leo nzima usiaibike."

"Mke gani anamfungia mumewe dirisha?"

"Anayetaka apande."

Alinitazama kama mtu asiyenijua jina. Akasema nikifanya hivyo nisimwite mume. Kisha akamwita Inkar, akamvika manyoya, wakatoka kwenda kuteleza na kigari cha theluji pale uani. Niliwaona dirishani. Alikuwa anamsukuma polepole, anamshikilia kiuno kwa mikono miwili. Ningeweza kubadili nia pale pale. Nilikunja nguo, zote, hata chafu.

30 Desemba

Hakwenda kwa Kuanysh. Alikuja kwenye foleni yangu, wa kwanza, wenzake sita nyuma, Orazbek wa mwisho kama kawaida yake. Akasukuma kibati.

"Taa," akasema. Hakuniita jina.

"Sitoi."

"Watu wanatazama."

"Watazame."

Nikakirudisha kibati chake. Kikagonga bati la dirisha, foleni nzima ikasikia.

"Kuna nini hapo mbele?" Orazbek akapaza sauti. "Mmegombana kitandani? Mgombane baada ya zamu, wenzenu tunasubiri!" Watu wakacheka. "Mkwe, mpe mumeo taa. Kama kakosa, mnyime kitu kingine."

Foleni nzima ikavunjika mbavu, hata ya dirisha la pili. Talgat alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilitaka kumshika yale masikio.

"Mzee Orazbek," nikasema, "hata ya kwako sitoi. Za kikosi chako zote. Zina sabuni kwenye vichujio, na kabla ya sabuni zilikuwa na mafuta."

Kicheko kikakatika.

"Huo ni uchafu wa mgodi."

"Uchafu wa mgodi haunuki waridi."

Akaja mbele, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye kizingiti cha dirisha. Akazungumza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Mwanangu, unajua unachofanya? Hawa wana watoto. Mwaka unaisha kesho."

"Ndiyo maana, mzee."

"Mimi nimemlea huyu."

"Najua. Nami nataka azeeke kama wewe."

Akageuka. "Emma Karlovna! Tutolee wewe."

Emma Karlovna alikuwa anagawa taa za vikosi vingine kana kwamba hakuna kitu. "Rafu yenu iko upande wake," akasema. "Mimi ufunguo sina."

Niliuona mnyororo wa ufunguo ukining'inia mfukoni mwake. Ninayemwita moyo wa barafu.

Kuanysh akaja mbio, kofia upande. Nikampa taa ya Talgat. Akakwangua, akanusa, akawa mweupe kama karatasi. Unajua neno lake la kwanza? "Kwa nini hukuniambia faragha?" Maana matokeo yake mazuri yalishafika Almaty na wameshampongeza. Nilimdharau kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha akasimama wima, akaenda kwenye simu ya ukutani, akamwita mhandisi mkuu mbele ya wote.

Walisafisha vichujio mbele yetu. Watu wa usalama wakashuka na taa hizo. Walipopanda hawakusema na mtu, walikwenda moja kwa moja ofisini, lakini mstari ulifunguka kwenye skrini yetu na tuliuona sote: chini ya dari, pale mume wangu anaposimama na mashine yake inayotoa cheche, ulipita mpaka zaidi ya mara mbili. Sehemu ile imefungwa.

Kikosi kilikaa kwenye benchi mpaka saa sita, nguo za kazi mwilini, safi. Mmoja akapita dirishani kwangu akatema mate sakafuni. Talgat alikuwa anatazama viatu vyake. Nilihesabu migongo. Saba. Yote juu ya ardhi, saa sita mchana, na sikuwa na wa kumwambia furaha yangu.

31 Desemba

Alilala kwa mama yake, chini. Nimesikia televisheni yao kupitia sakafu, watu wakiimba mwaka mpya.

11 Januari

Kamati imekaa. Wakauliza ni nani aliyeziba. Orazbek alinyamaza. Wale watano wakanyamaza. Talgat akasimama akasema, "Mafuta yalikuwa yangu."

Wamemfukuza, kwa kosa linaloandikwa kwenye kitabu cha kazi. Mgodi wowote ukikifungua hautamchukua. Orazbek kahamishiwa sehemu nyingine, cheo kile kile.

Nilimngoja langoni. Nilimwambia, "Kwa nini umebeba peke yako? Aliyeamuru ni yeye."

Akasema, "Nimesema mafuta yalikuwa yangu. Si uongo. Uliyafunga wewe."

Ndilo neno la mwisho aliloniambia hadi ninapoandika.

12 Januari

Mama mkwe kapanda, hakukaa. "Watu walikuwa wanamwachia mwanangu njia. Sasa nani atamtazama? Ulikuja nyumba hii na sanduku moja. Humo ulituletea nini?" Akamchukua Inkar kwa siku nzima bila kuniaga. Nilimwandalia mtoto nguo za kubadilisha, nikazishusha mlangoni pake.

19 Januari

Sehemu ile imefunguliwa. Wametoboa matundu ya kunyonya gesi, wamebadilisha feni. Vikosi vyote sasa vina taa mpya.

Lakini dirisha langu halina foleni. Wote wamejipanga kwa Emma Karlovna, mstari mpaka mlango wa nje, wengine wakipulizwa na baridi. Mimi nimekaa na rafu iliyojaa kama mwenye duka la majeneza.

20 Januari

Hivyo hivyo. Saa moja kasoro robo Emma Karlovna akasimama, akateremsha mlango wa bati wa dirisha lake, pa! Nje wakapiga kelele.

"Dirisha hili limefungwa," akawaambia kwa ndani. "Mgongo unaniuma. Nendeni kwa Raushan au mkalale na wake zenu."

Wakaja. Hawakunisalimu. Taa wakapokea.

"Ahsante," nikamwambia.

"Ahsante ya nini? Mgongo unaniuma kweli."

2 Februari

Baridi imezidi, kope zinagandana. Talgat kapata kazi kwenye chumba cha boila cha mji, anakoleza makaa, zamu ya usiku. Anarudi asubuhi mimi nikitoka. Anapanda kwetu kulala kwa sababu ya Inkar. Na mimi anapita kando, kama mtu anavyokwepa kiti.

8 Februari

Nimemwambia: "Chumvi iko karibu nawe." Kasukuma chumvi. Ndiyo mazungumzo ya leo.

14 Februari

Kuanysh karudi Almaty. Kabla ya kuondoka kaleta chokoleti kwa Inkar, akasimama akikunja kofia. Akasema ameandika kwamba taa zimefaulu, na ameandika pia kwamba zinazibika, na kwamba toleo lijalo litajua likizibwa.

"Litajuaje?"

"Mwanga utajua kama hewa haibadiliki."

"Na mkeo utamwambia nini?" nikamuuliza. Akanishangaa, hana mke. Sijui kwa nini niliuliza.

21 Februari

Leo taa zimeizima mashine katika sehemu ya zamani ya Talgat. Gesi imetoka ghafla kwenye ufa. Wamepandishwa wote kabla ya nusu ya zamu, wakitukana. "Taa za Raushan," wanaziita, na kuna mwingine kaniongezea jina ambalo siliandiki. Hakuna aliyesema ahsante. Nami sikuitarajia. Gesi isiyolipuka haina ushahidi. Vibati vyote nimeviondoa ubaoni, kimoja baada ya kingine, sikuacha hata kimoja. Kisha nimekwenda nyuma ya rafu za chaji nikalia mpaka nikatosheka.

Nilimwambia Talgat usingizini, maana akiwa macho angekataa kusikia: "Leo ungekuwa huko." Hakuamka. Au hakutaka.

3 Machi

Matone yameanza kwenye paa. Inkar anasema "tata". Anamwambia kila mtu, hata sufuria.

9 Machi

Nimewaza kuondoka, kwenda kwa dada yangu, mji wa Temirtau. Nimelitoa sanduku. Nimelirudisha. Nikienda, nani atamwekea chakula akitoka boila? Ajabu ya mwanamke: anaondoka kichwani, mkono unamenya viazi.

14 Machi

Mama mkwe kapanda leo, mara ya kwanza tangu siku ile. Talgat alikuwa amelala chumbani. Akaketi bila kuvua shali, nikamtilia chai, nusu kikombe kwa heshima, kwetu kikombe kilichojaa ni kumwambia mgeni aondoke. Inkar akampa kijiko, akakipokea.

"Bado anakununia?"

"Bado, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Vingi?"

"Sufuria anaikwangua."

Akatikisa kichwa. Akazungusha kikombe mkononi mpaka nikadhani amekuja kwa hilo tu.

"Asubuhi ile baba yake alitoka tumegombana," akasema. "Juu ya mabuti, alikanyaga sakafu niliyopiga deki. Nikanuna. Alisimama mlangoni anafunga vifungo taratibu, anangoja nimwangalie. Nami nikashika tambara langu." Akanywa. "Wangu angeninunia miaka yote hii, mwanangu, ningempikia kila siku. Ningempikia huku namtukana."

Nikamwongezea chai. Akashika mkono wangu pamoja na birika, moto vile, akashikilia.

"Nilikutolea maneno," akasema.

"Kunywa, mama, inapoa."

Akanywa. Akaondoka na Inkar kwa saa mbili ili nilale, na safari hii aliniaga.

20 Machi

Barabara tope tupu, jana basi lilinasa, nikatembea. Kesho kutwa sikukuu ya kuanza machipuo, nimealikwa kwa Emma Karlovna. Nitakwenda na mtoto.

Talgat karudi asubuhi, masizi mpaka shingoni. Hakunisalimu. Kamnusa Inkar kichwani, kala, kageukia ukuta. Ilikuwa zamu yangu ya mapumziko. Nilivuta kiti mpaka mlangoni pa chumba, nikakaa na viazi vyangu kwenye bakuli, nikawa simenyi. Anakoroma vibaya, kama mtu anayeburuta gunia. Zamani nilikuwa nampiga kiwiko anyamaze.

Nimemwacha akorome.